Kupanga usanisi wa amodiakwini na ndugu zake

Ukiiandikia AiZynthFinder, programu ya kompyuta inayopanga njia za kutengeneza molekuli, molekuli ya amodiakwini, dawa ya malaria, jibu linakuja kabla chai haijapoa: hatua moja tu. Chukua 4,7-diklorokwinolini, chukua aminofenoli ambayo mkia wake wa dietilamini umeshafungwa, ziunganishe, basi. Vipande vyote viwili vimezungushiwa fremu ya kijani, yaani vinapatikana. Kijana wangu wa uzamili alipoiona skrini ile alisukuma kiti nyuma.

"Madam, mbona tumemaliza?"

"Vinapatikana wapi?"

Akanyamaza, akaanza kutafuta. Vinapatikana, ndiyo, kwenye katalogi za Ulaya na Marekani. Stoo yetu hapa Dar haikuwa na hata kimoja.

Nimekaa na programu hii muda wa kutosha sasa kuwa na maoni, na maoni yangu yanahusu jambo moja ambalo wengi hulipita mbio: kuipangia njia kampaundi moja na kuzipangia njia kampaundi zinazofanana ni kazi mbili tofauti. Ukiwa na moja unauliza njia ipi ni fupi. Ukiwa na sita unauliza njia zipi zinakula chupa moja. Programu hujibu swali la kwanza vizuri sana. La pili inakubidi uilazimishe.

Kwa msomaji ambaye kemia aliiacha kidato cha nne: usanisi wa kurudi nyuma ni kuanza na molekuli unayoitaka na kujiuliza, nikikata bondi ipi nitapata vipande ambavyo najua kuviunganisha? Kila kipande nacho unakiuliza hivyohivyo, mpaka ufike kwenye vitu vilivyomo ndani ya chupa. E. J. Corey wa Harvard ndiye aliyeufanya ufundi huu uwe na kanuni zinazofundishika, akapewa Nobeli ya kemia mwaka 1990, na tangu 1969 yeye na W. Todd Wipke walikuwa wameshachapisha habari za kompyuta inayosaidia kazi hiyo. Kwa hiyo wazo si la jana. Kilichobadilika ni kwamba zamani watu walikaa wakaandika kanuni moja moja kwa mkono, na sasa mtandao wa nyuroni unajifunza kanuni hizo wenyewe kutoka kwenye mimenyuko iliyokwisha kuchapishwa. Mwaka 2018 Marwin Segler na wenzake walionyesha kuwa mtandao wa namna hiyo, ukiunganishwa na utafutaji wa Monte Carlo uleule unaotumika kwenye programu za kucheza mchezo wa ubao wa Go, unapanga njia zenye mashiko. AiZynthFinder ya kampuni ya dawa ya AstraZeneca imetoka 2020 kwa mtindo huo. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakaa kwenye laptopu ya kawaida. Kanuni zake za umma zimetolewa kwenye hataza za Marekani, na jambo hilo tutalirudia kwa sababu linaacha harufu yake kila mahali.

Kwa nini amodiakwini? Kwa sababu bado inafanya kazi kwetu. Klorokwini, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima utotoni, Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Amodiakwini ni jamaa yake wa karibu, imetengenezwa Marekani katika miaka ya 1940, na ikichanganywa na atesuneti, dawa ya jamii ya atemisinini, imewatibu watu wengi wa Zanzibar. Siku hizi vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa dawa za jamii ya atemisinini vimeshaonekana Rwanda, Uganda na kwetu Kagera, kwa hiyo dawa mwenza inayotembea na atemisinini si ya kupuuzwa tena. Doa la amodiakwini linajulikana: mwilini inageuka kuwa kwinoni-imini, kitu chenye ukali unaoweza kuumiza ini na kushusha chembe nyeupe za damu. Ndiyo maana haifai kumezwa kama kinga kwa muda mrefu. Watafiti wa Liverpool waliwahi kulikwepa hilo kwa kubadilishana nafasi za haidroksili na mkia, wakapata isokwini, ambayo umbo lake haliruhusu kwinoni-imini ile kujijenga. Sisi hatuna makuu hayo. Tunataka kampaundi sita tu zinazofanana ili wenzetu wa baiolojia wazilinganishe: amodiakwini yenyewe, tatu zenye mkia wa pirolidini, piperidini na morfolini badala ya dietilamini, moja yenye mkia wa tert-butilamini, na isokwini.

Kwenye karatasi hizi ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina kichwa cha 7-klorokwinolini, zote zina pete ya fenoli katikati, zote zina mkia wa amini. Nikaziingiza kwenye programu zote sita kwa mpigo, na orodha ya malighafi ile inayokuja na programu.

Majibu yalinichekesha. Ya dietilamini, hatua moja kama nilivyosema. Ya pirolidini, ambayo ina jina lake la zamani, amopirokwini, ilianza na 4-aminofenoli, ikaiunganisha na diklorokwinolini, kisha mmenyuko wa Mannich, ule wa kufunga amini kwenye fenoli kwa formaldehidi, mwishoni kabisa kufunga mkia. Ya piperidini ikaanzia kwenye nitrofenoli yenye klorometili: funga piperidini, geuza nitro kuwa amini, unganisha. Ya morfolini ikaanzia kwenye nitrosalisilaldehidi. Ya tert-butilamini vilevile. Isokwini ikaja na paladi, metali ya bei inayotumika kama kichocheo.

Kila njia, ukiitazama peke yake, haina kosa la kumfukuzia mtu kazi. Lakini zikusanye zote uandike orodha ya manunuzi: diklorokwinolini, aminofenoli za aina mbili, nitrofenoli, nitrosalisilaldehidi, kipunguza-nitro, kipunguza-imini, paladi na ligandi yake, amini tano. Mabadiliko ya atomu chache kwenye mkia yameihamisha programu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Sababu si fumbo. Alama za njia hizi zinakaribiana mno, tofauti ndogo tu inatosha kupandisha moja juu ya nyingine, na programu inapoitazama morfolini haina kumbukumbu kwamba dakika mbili zilizopita ilikuwa inaitazama pirolidini. Ukishonea kamati nzima ya harusi hununui kitambaa kipande kipande kwa kila shangazi; unanunua jora.

Wenye fani wameliona hili kabla yangu. Mwaka 2019 kundi la Grzybowski, lililozaa Chematica ambayo leo inauzwa kwa jina la SYNTHIA, lilichapisha namna ya kupangia maktaba nzima ya kampaundi kwa pamoja. Mwaka 2020 watu wa MIT waliichukua orodha ya dawa muhimu ya WHO wakauliza ni akiba ipi ndogo kabisa ya kemikali ingetosha kuzitengeneza dawa hizo. Swali hilo la pili lingeweza kuulizwa na mtu wa ofisi ya manunuzi wa chuo chochote Afrika Mashariki, tena kwa sauti kali. Programu kubwa za kulipia zina uwezo wa kutafuta njia zenye vipande vya pamoja. Sisi tuna ya bure, kwa hiyo tukajipikia wenyewe.

Kazi ilianzia stoo, si kwenye kompyuta.

Mzee wetu wa stoo yuko pale tangu mimi niko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Daftari lake ni la jalada gumu, limeandikwa kwa kalamu ya wino, na nitalipenda mpaka nistaafu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Dokta. Leo umekuja na karatasi au na maneno?"

"Nimekuja kuomba daftari lako, Mzee. Nataka kuliingiza kwenye kompyuta."

"Lote?"

"Lote."

Akaniangalia kwa muda, akasema nilete kiti kabisa.

Orodha ya malighafi ndiyo moyo wa programu hizi, nami sioni watu wakiipa heshima yake. Programu inakata molekuli, inakata tena, na inaacha kukata pale tu kila kipande kinapoonekana kwenye orodha. Orodha ikiwa ni soko la dunia nzima, inaacha mapema, na unapata ile "hatua moja". Orodha ikiwa ni daftari la Mzee, inaendelea kukata mpaka ifike kwenye kitu ambacho unaweza kukishika leo mchana. Mtandao wa nyuroni ni uleule, kanuni ni zilezile, jibu ni jingine kabisa. Ukiniuliza mkemia anafikiri wapi siku hizi, nitakwambia anafikiri kwenye faili hilo.

Tukatengeneza mafaili mawili. La kwanza ni la vitu vilivyomo kwenye rafu zetu. La pili ni la vitu vinavyoagizika bila vita: si sumu zenye vibali maalumu, si vya kusafirishwa kwenye barafu kavu, na mzabuni wa hapa mjini amewahi kuvileta. AiZynthFinder inakuruhusu kuwasha faili moja au yote mawili.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna mtu alinieleza. Programu inaitambua kampaundi kwa InChIKey, ufunguo wa herufi unaotokana na umbo la molekuli. Chupa zetu nyingi za amini ni hidrokloridi, kwa sababu chumvi hukaa vizuri kuliko amini tupu. Ukiandika kilichoandikwa kwenye chupa, yaani amini pamoja na HCl yake, ufunguo unatoka mwingine, na programu itakwambia kitu hakipo wakati kimekaa rafu ya tatu kinakutazama. Inabidi uivue chumvi kila molekuli kabla ya kuiingiza. RDKit, maktaba ya msimbo ya kemia, inafanya hivyo kwa mistari michache. Jingine ni 7-kloro-4-haidroksikwinolini, ambayo unaweza kuichora kama haidroksi au kama kwinoloni. Ni kitu kimoja, lakini kwa maandishi ya SMILES, yaani molekuli iliyoandikwa kwa mstari wa herufi, ni mistari miwili isiyofanana. Ukilinganisha njia kwa SMILES utadhani zinapita sehemu mbili. Linganisha kwa InChIKey.

Na kuna ambayo kompyuta haitayajua kamwe. Daftari lilisema 4-aminofenoli ipo, nusu kilo. Mzee akaitoa. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, mabonge, kama inavyokuwa ikikutana na hewa muda mrefu. Nyeupe yake ilishakwenda. Kwenye faili ni fremu ya kijani. Kwenye kiganja ni siku nzima ya kuisafisha kwa maji ya moto na mkaa kabla hujaanza chochote. Tukaweka safu ya ziada kwenye faili letu, "hali", ambayo programu haiisomi lakini sisi tunaisoma.

Baada ya hapo tukabadilisha mipangilio. Kwa kawaida programu inatafuta kwa mizunguko 100 au dakika mbili, na haikati kwa kina cha zaidi ya hatua sita. Hiyo inatosha ukitaka njia moja nzuri. Ukitaka njia nyingi za kuchagua iongezee muda, na ukiitoa diklorokwinolini kwenye orodha iongezee kina pia, kwa sababu kuijenga kutoka 3-kloroanilini kwa njia ya Price na Roberts ya 1946 kunakula hatua tano peke yake: unganisha na esta ya malonati, funga pete kwenye difenili etha iliyochemka karibu nyuzi 250, vunja esta, ondoa kaboni dioksaidi, kisha weka klorini kwa fosforasi oksikloridi. Ongeza kuunganisha na Mannich, tayari ni saba. Ukiiachia kikomo cha sita itakujibu hakuna njia, na si kweli.

Kila kampaundi ikatoa njia zake kadhaa kama faili la JSON, mti wenye matawi, kila nundu ikiwa na molekuli na alama kama ipo stoo au haipo. Kijana akaandika skripti fupi ya kupita kwenye miti yote na kuhesabu: hii molekuli ya katikati inaonekana kwa ndugu wangapi? Matokeo ni jedwali, kampaundi sita upande mmoja, molekuli za katikati upande mwingine. Hakuna akili bandia hapo, ni kuhesabu tu. Lakini jedwali lile ndilo lililotupa mpango.

Safu ya kwanza, diklorokwinolini, ilijaa mpaka chini: wote sita. Hiyo tuliijua. Safu ya pili ndiyo iliyonifanya nivute kiti. Molekuli inayotokana na diklorokwinolini na 4-aminofenoli, yaani kichwa na fenoli bila mkia, ilikuwamo kwenye njia za ndugu watano. Kwa amodiakwini yenyewe ilikuwa imezikwa chini kabisa kwenye orodha ya njia, mahali ambapo mtu akitazama kampaundi moja hafiki.

Piga hesabu. Kitabu kinasema amodiakwini unaijenga hivi: parasetamoli, ndiyo, ileile ya duka la dawa, unaifungia mkia kwa formaldehidi na dietilamini, unaivunja asetamidi kwa asidi, unaunganisha na diklorokwinolini. Hatua tatu. Kwa mikia minne ya dietilamini, pirolidini, piperidini na morfolini, ni mimenyuko 12. Ukipitia molekuli isiyo na mkia, unaitengeneza mara moja kwa wingi, kisha unaigawa kwenye chupa nne na kila chupa inapata formalini na amini yake. Mimenyuko 5. Formalini ipo, idara ya zuolojia inahifadhia vyura wake.

Hapo mtu wa kompyuta anafunga laptopu. Mtu wa maabara ndiyo kwanza anaanza kukuna kichwa, kwa sababu Mannich ya mwisho ina tabia zake. Fenoli ile ina nafasi mbili zinazofanana kabisa, kulia na kushoto ya haidroksili. Programu inachora mkia kwenye moja na kwenda zake. Kwenye chupa, mkia wa pili nao unataka kukaa. Kuna dawa inayoutaka mkia wa pili kwa makusudi, pironaridini, iliyovumbuliwa China, ina mikia miwili ya pirolidini. Sisi hatuutaki. Ukizidisha formaldehidi kidogo unapata mseto wa mkia mmoja, mikia miwili, na ile isiyo na mkia iliyobaki. Kwenye sahani ya TLC, kibao chembamba cha silika cha kutenganishia mchanganyiko, chini ya taa ya UV unaona madoa matatu yanayoburutana kama hukutia tone la amonia kwenye kiyeyushi, maana amini hung'ang'ania silika. Kila ndugu basi anahitaji kolamu yake ya kusafishia, na kolamu nne ni silika nyingi na viyeyushi vingi. Njia ya parasetamoli nayo ina nafasi mbili zilezile, lakini pale uchafu unauondoa mapema, kwenye molekuli ndogo ya bei ya maji, kabla hujaifunga kwenye diklorokwinolini iliyosafiri kwa ndege.

Tulikaa na hilo siku kadhaa. Uamuzi ukawa ni kufuata jedwali, na kubana formaldehidi: kuiweka pungufu kidogo, kukubali mavuno madogo, na kuirudisha ile isiyo na mkia itakayobaki. Tunahitaji miligramu za kupimia vimelea, si kilo za kuuza. Mtu wa kiwandani angeamua kinyume na angekuwa sahihi.

Tert-butilamini ilikuwa hadithi nyingine. Jedwali liliihesabu pamoja na wale wanne, kwa kuwa kwa programu Mannich ni Mannich. Lakini hii ni amini ya msingi, ina hidrojeni mbili, na amini ya namna hiyo ikikutana na fenoli na formaldehidi hupenda kufunga pete ya benzoksazini. Nikaichora kwa kijana ubaoni.

"Kwa hiyo Madam programu imekosea?"

"Haijakosea. Imeona mfano unaofanana, haikuona hidrojeni ya pili inavyoharibu sherehe."

Kwa ndugu huyu tukarudi kwenye pendekezo la kwanza la programu yenyewe, nitrosalisilaldehidi: unganisha na amini, punguza imini kwa borohidridi, punguza nitro, kisha kichwa. Chupa moja ya ziada kwa kampaundi moja. Nilisita. Tukamweka wa mwisho.

Na isokwini na paladi yake. Hapa ndipo harufu ya hataza inaposikika. Hataza za miongo ya karibuni zimejaa paladi, kwa hiyo mtandao ukiona pete yenye klorini na amini pembeni mkono unakwenda kwenye paladi wenyewe. Hapa haihitajiki hata kidogo. Klorini iliyo kwenye kaboni ya 4 ya kwinolini imelegezwa na nitrojeni ya pete. Ukiichemsha na anilini kwenye ethanoli na asidi kidogo inaondoka, na ile ya kaboni ya 7 inabaki imetulia mahali pake. Mtu yeyote aliyewahi kuifanya anajua: kioevu kinageuka njano, unapoza, na fuwele za njano zinaanza kushuka kwenye kuta za chupa. Hakuna gesi ya nitrojeni, hakuna ligandi ya bei ya pikipiki. Programu inakuruhusu kuzizuia bondi au kuondoa kanuni usizozitaka. Tukaiondolea paladi, ikarudi na njia ya kawaida bila kinyongo.

Ombi la manunuzi likatoka na mstari mmoja mnene na mitatu myembamba: diklorokwinolini ya kutosha ndugu wote, nitrosalisilaldehidi kidogo, pirolidini, tert-butilamini. Vingine vipo. Ninaowajua wa ofisi za manunuzi ombi la mistari 15 huwapa hoja 15 za kulirudisha. Hili lilipita.

Kisha kijana akaja na swali ambalo limenipa kazi ya mwezi huu. Je, tukitaka kubadilisha kichwa badala ya mkia? Mkia ubaki dietilamini, lakini kwenye kaboni ya 7 tuweke florini, bromini, trifloromethili, au tuache hidrojeni tupu. Nikamwambia aendeshe skripti ileile. Safu za jedwali zikahama zote. Diklorokwinolini haikuwa tena ya pamoja, kwa kuwa kila ndugu ana kichwa chake. Kilichojaa mpaka chini ni aminofenoli yenye mkia, ile ya parasetamoli. Unaitengeneza mara moja kwa hatua mbili, halafu kila kichwa kinafungwa kwa hatua moja: mimenyuko 6 kwa ndugu wanne. Ukifuata njia tuliyoisifu juu, Mannich mwishoni, ni 8, na kolamu nne juu yake.

Kwa hiyo amodiakwini ileile ina njia bora mbili zinazopingana, na hakuna kitu chochote ndani ya molekuli yenyewe kitakachokwambia ipi ni ipi. Inategemea unaijenga pamoja na nani. Programu inayotazama molekuli moja haiwezi kulijua hilo hata ukiipa kompyuta kubwa kiasi gani. Tangu hapo kila anayekuja ofisini kwangu na molekuli moja kwenye karatasi namuuliza kwanza ndugu zake ni akina nani.

Kwa mfululizo huu wa vichwa, parasetamoli tunayo, formalini tunayo, dietilamini Mzee ametuonyesha chupa mbili ambazo hazijafunguliwa. Zinazokosekana ni kwinolini zenyewe, na ile ya trifloromethili bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Kijana anaendesha skripti upya bila hiyo.